Koti Lililorudi: Shajara ya Kushona Nguo za Haramia, Moshi

12 Januari

Naanza daftari hili kwa sababu nimeshakata kitambaa mara mbili kwa vipimo nilivyovitia kichwani, na mara zote mbili kichwa kimenidanganya. Kuanzia leo kila kipimo kinaandikwa.

Kwa atakayelisoma bila kutufahamu: tuko wanne. Mimi nauza pembejeo Double Road. Mwenzangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine ni dada muuguzi, na wa nne ni kijana wa bodaboda tuliyempa cheo cha nahodha kwa sababu ya sauti tu. Mchezo wetu ni kuigiza maharamia wa kati ya miaka ya 1690 na 1720. Tunavaa kama wao, tunatengeneza vitu vyao kwa mikono, kisha tunakwenda kuwaonyesha watoto wa shule. Tuko mlimani, ndiyo. Ukitaka kuonja maji ya chumvi kutoka hapa unapanda basi la Tanga asubuhi, unashuka mchana. Lakini maharamia wenyewe walipita mlangoni petu. William Kidd, Mskoti aliyenyongwa London mwaka 1701, alikuwa Mwali kule Komoro mwaka 1697, merikebu yake imelazwa ufukweni isafishwe tumbo, na hapo maradhi yakamlia watu karibu 50. Mwaka 1720 Edward England na mwenzake Taylor wakaivamia Cassandra, meli ya Waingereza, huko huko Komoro, Nzwani. Na Nzwani ni jirani yetu sisi, si jirani wa Karibea.

Mwaka jana tulivaa fulana za mistari, kitambaa cheusi jichoni na ndoano ya plastiki. Watoto walipiga makofi. Mwalimu ndiye aliyetia mchanga kwenye pilau, wakati tunavua: "Hivi haya yote tumeyatoa wapi?" Hakuna aliyejibu. Mwaka huu tumekubaliana kwamba kisichokuwa na ushahidi hakivaliwi.

Kazi yangu: shati, koti, viatu. Maonyesho ni katikati ya Julai.

19 Januari

Mwalimu ameleta hazina. Mwaka 1706 jeshi la majini la Uingereza liliandikiana mkataba na mtu wa kuwaletea mabaharia nguo, na orodha yake ipo, hadi vifungo vimehesabiwa. Ameitafsiri kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi ya mtihani: koti la sufu la kijivu, bitana jekundu, vifungo 15 vya shaba. Shati la kitani, drafti ya bluu na nyeupe. Kofia ya ngozi. Soksi za sufu za kijivu. Viatu vya soli mbili, ncha ya mviringo. Bizimu za viatu ziwe za shaba na ulimi wa chuma.

Najua haramia si askari wa mfalme. Lakini haramia wengi walikuwa mabaharia wa kawaida hadi asubuhi ile walipoasi, na nguo waliyoasi nayo ndiyo waliyokuwa nayo mwilini. Fulana za mistari hazimo kwenye orodha. Kitambaa cha jicho hakimo.

Jambo jingine nililolisoma juma hili: baharia akifa safarini, sanduku lake lilipelekwa kwenye mlingoti na nguo zake zikapigwa mnada kwa wenzake. Nilimsimulia shangazi, aliyeuza mitumba Kiborloni tangu sijazaliwa. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kumbe kafa ulaya imeanza zamani hivyo!"

27 Januari

Soko la mitumba la Memorial, saa moja asubuhi, belo zinafunguliwa. Natafuta kitani. Mjini ukiulizia kitani unaletewa polista iliyotiwa mikunjo ikafanana nacho. Ila Ulaya wanatupa mashuka na vitambaa vya meza, na vinatua hapa. Kukijua ni hivi: ukikishika kina ubaridi ambao pamba haina, kisha unalowesha kidole kwa mate na kugusa, na umajimaji unatokea upande wa pili papo hapo. Muuzaji alinitazama nikilamba vidole juu ya rundo lake mpaka uvumilivu ukamwisha. "Mangi, hiyo ni nguo, siyo asali."

Nimepata vitambaa viwili vya meza, kimoja kina doa la divai, sh. 9,000 vyote. Pia blanketi la kijivu la sufu tupu, la jeshi fulani la huko, sh. 15,000, zito kama mtoto wa miaka miwili. Hilo ndilo koti. Na koti bovu la bendi lenye vifungo vya shaba 16, sh. 4,000. Nimeondoka nikijiona mjanja.

Drafti ya kitani sikuiona na sidhani nitaiona. Nimenunua ya pamba dukani, mita tatu na nusu. Hiyo ni kasoro ya kwanza ninayoikiri kwa maandishi. Utetezi wangu ni kwamba Quedagh Merchant, meli aliyoikamata Kidd mwaka 1698, ilibeba hariri na vitambaa vya pamba vya Kihindi, melimeli na bafta. Haramia wa bahari yetu aliyekosa shati la pamba mwaka ule alikuwa mvivu. Lakini kitambaa cha marekani sigusi, ingawa ni rahisi na ina sura ya kizamani, maana ile imekuja na meli za Wamarekani karne ya 19. Nahodha anasema hakuna mtoto wa darasa la nne atakayelijua hilo. Mimi nitalijua.

4 Februari

Shati la enzi hiyo halikatwi kwa mapindo ya bega na kifua kama la leo. Ni mistatili na miraba mitupu, ili kitambaa kisipotee hata shubiri. Nilikwama kwapani. Kwenye mchoro kuna kamraba kanakaa pale mkono unapokutana na mwili, na kila nilipokashona mkono ulitazama mgongoni.

Nikauchukua mchoro hadi kwa mzee anayeshona kanzu karibu na msikiti. "Shikamoo mzee." "Marahaba, leta tuone." Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, akavua miwani.

"Hii ni kanzu fupi. Hii hapa badani, hiki kikwapa. Taharizi umeisahau."

"Haina taharizi, mzee."

"Basi ni kanzu ya maskini."

Badani ni kiwiliwili cha nguo, taharizi ni kipande cha ubavuni kinachoipanua. Akanionyesha kwa kipande cha gazeti. Kikwapa ni mraba, wangu ni wa sentimita 12. Upande mmoja unaushona kwenye mkono, unaofuata unaushona kwenye badani, na kona iliyobaki inaning'inia hadi ufunge ubavu. Usifunge ubavu kwanza! Hilo ndilo kosa langu la juma zima. Ukiinua mkono kinafunguka kama bawa la popo, na shati halipandi juu ya kiuno. Mtu wa kupanda mlingoti anakihitaji kuliko mswaliji, lakini mzee anasema nijaribu kurukuu mara kumi na shati la dukani ndipo nizungumze.

Hakutaka pesa. Alitaka kujua haramia walilipwaje. Nikamwambia nitarudi na jibu.

23 Februari

Shati: badani tayari, mkono wa kulia tayari, wa kushoto umepigwa bandi tu.

Cherehani ni marufuku, haikuwepo. Mishono minne katika sentimita moja, na ubavu una sentimita 60, kwa hiyo ni mishono 240 kwa ubavu mmoja, na uzi unakatika ukifika wa thelathini. Dawa imekuwa nta. Nimenunua donge kwa muuza asali, napitisha uzi mara mbili kabla ya kutunga sindano. Haukatiki tena wala haujisokoti, na vidole vinanukia mzinga siku nzima. Wateja wangu wa mbegu wamenusa lakini hawajauliza.

Dada muuguzi anashona vizuri kuliko sote, ila mwanzoni kila mshono aliufunga fundo na kuukata, kama anayeshona kidonda. Tumemwachisha kwa shida. Yeye ameamua kuwa Mary Read, haramia wa kike. Katika kesi ya huyo na Anne Bonny, Jamaika, Novemba 1720, shahidi mmoja alisema wanawake hao walivaa makoti ya kiume na suruali ndefu, vitambaa vimefungwa kichwani, na kila mmoja alikuwa na panga na bastola.

"Panga lipo stoo," dada akasema. "Kitambaa ninacho. Sina koti."

Bastola hatutengenezi, hata ya mbao. Nahodha alililia sana hilo. Tulipokwenda kumwarifu mwenyekiti wa mtaa kuhusu maonyesho alitusikiliza kwa adabu, na Nahodha alipofika kwenye bastola akasema, "Hapana," akaendelea kunywa chai.

9 Machi

Bendera imeleta ugomvi.

Maelezo ya zamani ya bendera ya fuvu ni ya mwaka 1700, ya Mfaransa Emanuel Wynn, karibu na visiwa vya Cape Verde: fuvu, mifupa iliyopishana na saa ya mchanga. Nilikata kwenye kile kitambaa cha meza chenye doa, nikashonea juu ya kaniki, nikaifua na kuianika kambani uani. Nikaenda kazini. Mchana simu ya shangazi: jirani amekwisha kuuliza kama nyumba hii tumeingia Freemason, na jioni watu wa jumuiya wanakuja kusali kwetu.

Nilijaribu hoja ya historia. "Historia itoke kambani kabla ya saa kumi," akasema.

Bendera sasa inaishi ndani ya mfuko wa mbolea dukani. Baadaye, watu walipoondoka, aliniomba aione tena, akaweka kidole kwenye saa ya mchanga. Hiyo alisema haina ubaya.

30 Machi

Shati limekwisha. Limenifika katikati ya paja, na ndivyo linavyotakiwa. Koti limekatwa. Bitana ni la shuka jekundu la zamani.

13 Aprili

Koti limekwisha jana. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi. Leo nikalivaa kwenda kwa mwalimu, Rau, nyuma ya bodaboda ya Nahodha, tujipongeze. Masika ikatukuta katikati ya njia, ile ya kweli, mvua unayoisikia inakuja kwenye migomba kabla haijakufikia. Tulifika tumelowa chapachapa. Mke wa mwalimu, mwenye moyo mwema, akalitundika koti jikoni karibu na moto wa kuni.

Limerudi, yaani limenywea. Si kidogo. Mikono imenifika kwenye viwiko, vifungo vya kifuani havikutani kwa shubiri nzima, na bitana la pamba, ambalo halikurudi, linaning'inia chini kama ulimi wa mbwa. Juma mbili za kazi. Nahodha alijaribu kutocheka, akatoka nje, tukamsikia akichekea kwenye migomba.

27 Aprili

Juma mbili sikushika sindano. Leo mwalimu amekuja dukani na lile karatasi lake la mtihani, uso umemshuka. Alirudi kwenye orodha ya Kiingereza akitafuta idadi ya mifuko, akaona neno aliloliruka Januari, kwa kudhani ni pambo. Mkataba wa 1706 hausemi tu koti la sufu ya kijivu, ile nzito iitwayo kersey. Unasema kersey *iliyokwisha kurudishwa*. Watu wale walijua. Walirudisha kitambaa kwanza, ndipo wakakata, kwa sababu mvaaji angeloa kila siku ya maisha yake.

Neno moja! Sikumlaumu. Nilimpa soda.

Nimerudi Memorial, nimepata blanketi jingine, sh. 18,000 (bei imepanda, au sura yangu ilionyesha shida). Nimechemsha maji kwenye sufuria la msibani la shangazi, nikalitumbukiza, nikalitwanga kwa mwiko, nikalisuuza kwa maji ya baridi, nikarudia mara tatu. Urefu ulikuwa mita 2 na sentimita 10. Sasa ni mita 1 na sentimita 74. Limekuwa nene, nyuzi hazionekani tena, na ukilikata pindo lake halifumuki. Ndiyo maana makoti ya wale watu hayakuhitaji kukunjwa pindoni. Hilo nalo lilikuwa limenisumbua tangu Machi.

11 Mei

Mwisho wa juma nilikwenda Mombasa na mwalimu, kupitia Holili na Taveta. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Nilichokiendea ni vitu vya Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyokuja kuiokoa ngome ikazama chini yake mwaka 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Nimechora mitungi na vyombo vya udongo ukurasa mzima, kwa sababu tumechoka kunywea vikombe vya plastiki mbele ya watoto. Nilisimama ukutani nikapiga hesabu: Kidd akizika watu wake Mwali, ngome hii ilikuwa imezingirwa na Waomani mwaka wa pili. Hata mwezi Desemba 1698, walipoiteka, Kidd alikuwa bado hajafika kwao.

Nimempelekea mzee wa kanzu jibu lake. Kwenye meli ya haramia Bartholomew Roberts, nahodha alipata mafungu mawili ya nyara, msimamizi wa mabaharia mawili, fundi wa mizinga moja na nusu, mtu wa kawaida fungu moja. Aliyekatika kiungo kazini alitolewa riale 800 kwenye mfuko wa wote. Akafikiri. "Sisi kwenye kikoba chetu, mtu akivunjika mguu tunampa laki mbili na pole." Akauliza kama Roberts alikuwa akilipa kweli, au ni katiba tu. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Sikuwa na jibu.

8 Juni

Viatu. Ngozi imetoka Himo. Fundi ni yule wa pembeni ya barabara anayenitengenezea siku zote, na nilidhani tatizo lingekuwa soli mbili. Tatizo likawa kalibu, ule mguu wa mti ambao kiatu kinashonewa juu yake.

Viatu vya enzi ile havikuwa na kulia wala kushoto. Kalibu ilikuwa moja, iliyonyooka, na vyote viwili vilitoka humo. Nilimweleza. Alishika kalibu zake mbili za mbao, moja kila mkono, akanitazama kama ninayemwambia achinje mojawapo ya watoto wake.

"Sasa mteja atajuaje?"

"Hajui. Leo anavaa hivi, kesho anabadilisha, ili visilike upande."

"Na vidole?"

"Vinazoea."

Alinyamaza akipiga nyundo kitu kisichohitaji nyundo. Kisha: "Nitakushonea, kaka. Ila mtu akikuuliza fundi ni nani, mimi hunijui."

Amechonga kalibu mpya kwa mgrevilea. Sh. 45,000 jozi, nusu nimetanguliza.

29 Juni

Bizimu. Fremu za shaba nimezikata mwenyewe kwenye bamba la kitasa cha zamani. Mikono ina vidonda. Ulimi wa chuma sikuuweza, unavunjika ukiukunja. Nikapanda hadi Mamba, upande wa Marangu, kwa wahunzi. Meku mmoja, mzee wa Kichaga, mivukuto ya ngozi ya mbuzi inapumua nyuma yake, alichukua kipande cha springi ya gari, akakitia kwenye makaa hadi kikawa rangi ya chungwa bivu, akakinyoosha kwa mapigo sita. Ya saba ilikuwa ya kukunja. Alinitengenezea ndimi nne kwa muda ambao mimi nilivunja moja. Akauliza ni za nini. Nilipomwambia, akauliza kama haramia walikuwa na ng'ombe.

13 Julai

Maonyesho. Baridi ya Julai, mlima umejifunika tangu Jumatano, kwa hiyo sufu ilikuwa baraka. Tulisimama uwanjani wanne: mashati ya drafti yenye mikono mipana, makoti ya kijivu, soksi nene. Dada muuguzi alivaa koti langu la kwanza, lile lililorudi. Limemkaa kana kwamba lilipimwa kwake. Shangazi alikuwa ameliondoa lile bitana refu na kulishona upya bila kuniambia.

Watoto karibu mia moja wakatutazama kimya. Kisha wa mbele akainua mkono: "Mwalimu, maharamia wanakuja saa ngapi?"

Nahodha aliumia, nilimwona. Alifungua kinywa atoe ile sauti yake, na mimi kwa kukosa la kufanya nikavua viatu, nikaviweka juu ya dawati na kuuliza kipi ni cha kulia. Wakajibu kwa pamoja, nusu wakisema hiki, nusu kile. Nikawaita wajaribu. Baada ya dakika tano uwanja mzima ulikuwa watoto wamevaa viatu vyao kinyume wakitembea kama bata, na mwalimu mkuu yumo. Kikwapa nacho kilipata foleni, kila mmoja akitaka kuniinua mkono aone popo. Bendera tuliitoa mwishoni, dakika mbili, tukairudisha kwenye mfuko wake wa mbolea.

Yule wa mbele alinifuata getini. Alitaka kujua haramia alikuwa na nguo ngapi. Nikamwambia hizi hizi. Akatazama koti, akagusa kifungo. "Basi baba yangu anazo zaidi."

20 Julai

Vifungo: nina 14 kwenye koti la pili, kimoja kilidondoka shuleni, na yule mtoto simtuhumu. Cha 16 kutoka kwenye koti la bendi kipo, nitakishona leo usiku. Soli ya kimoja cha viatu, sijui cha wapi, imeanza kulika upande wa nje. Kesho nabadilisha miguu.